Insha Niliyomwandikia Baba

Kama kuna neno moja ambalo ningepaswa kulisema ujanani na sikulisema, ni "hapana", siku ile jamaa yetu ilipokaa uwanjani kwa baba, kule Karuba, ikakata shauri kwamba mimi ndiye nitakayeandika. Nilipaswa kukataa. Au angalau niseme, "Sijajifunza vizuri uandishi wa namna hiyo, nipeni muda." Sikukataa. Nilifurahi, mwanangu, na furaha ile inanichoma hadi leo.

Nakuandikia haya kwa haraka, na haraka si desturi yangu, kwa sababu moyo wangu haujatulia tangu jana. Mjukuu wangu Furaha yuko mwaka wa sita wa sekondari hapa Kalembe. Majirani wamemwomba awaandikie karatasi kuhusu mashamba waliyoyaacha walipokimbia, mashamba ambayo sasa yanalimwa na watu wengine. Karatasi hiyo itapelekwa kwa wakubwa siku ya soko, na soko ni kesho. Nilimkuta mlangoni, simu mkononi, akitafuta mfano wa kunakili. Nikamwuliza ataandika insha ya namna gani.

"Disertasyo, Koko," akanijibu, maana Koko ndivyo tunavyomwita babu au bibi. "Mutihani wa taifa unaulizaka ile tu. Niko naifanyia zoezi kila siku."

"Na insha ya kusimulia? Na ile ya kueleza mahali?"

"Aa, Koko! Ile ni ya batoto badogo!" Akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Mimi sikuweza kucheka. Maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe, tena kwa majivuno makubwa kuliko yake. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua kalamu, maana nikimwambia kwa mdomo atasema ndiyo, Koko, kisha ataendelea na simu.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe kijana yeyote utakayesoma haya, pamoja na Furaha.

Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Profesa wetu wa Kifaransa alikuwa mtu mwembamba aliyetembea na mwavuli hata jua likiwaka, na kwa eneo letu la Masisi hakukosea, maana mvua ya milima ile haipigi hodi. Mwaka mzima alitufundisha aina za insha. Kuna ya kusimulia, alisema, inayotaja jambo lilivyotokea, nani alifanya nini, wapi, na nani alikuwepo. Kuna ya kueleza mahali au kitu, ili mtu ambaye hajafika aone kana kwamba amesimama pale. Kuna barua, ambayo kazi yake ni kuomba. Na kuna disertasyo, ambayo inapima wazo: unaweka upande wa kwanza, unaweka upande wa pili kwa nguvu ile ile, halafu unatafuta mahali pa kuzipatanisha pande mbili.

Siku moja profesa alimsimamisha mwanafunzi aliyekaa mbele. "Mbuzi yako imeibiwa. Unafika kwa chefu ya kijiji. Chefu anauliza, nani aliiba? Utamujibu nini?"

"Nitasema jina ya mwizi, Prof."

"Utamwambia kwamba kwa upande mumoja aliiba, lakini kwa upande mwingine mwizi naye alikuwa na njaa?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini sikuwa nasikiliza. Chini ya meza nilikuwa na disertasyo ya mwanafunzi aliyefaulu mwaka uliotangulia, naikariri mwanzo wake. Mtihani wa taifa unadai disertasyo, nilijiambia, hayo mengine ni ya kupitisha saa. Alama zangu za disertasyo zilikuwa za juu kuliko za wote. Za kusimulia zilikuwa mbaya, na sikuona aibu.

Mwaka huohuo ndipo kesi ya kilima ilipoanza. Babu yangu ndiye aliyefyeka kilima kile, akampa mwami, mtawala wetu wa kimila, heshima ya ardhi tunayoiita kalinzi, akapewa ruhusa ya kukaa na kulima. Baba alizaliwa pale. Tulilima viazi, maharage na mahindi, na kwenye mteremko wa juu, karibu na kijito, tulikuwa na udongo mweusi ambao hata ukiupa mbegu mbaya unakurudishia kitu. Upande wa pili wa kijito kulikuwa na ferma ya ng'ombe ya bwana mmoja tajiri. Msimu mmoja seng'enge ya ferma ile ilivuka kijito. Msimu uliofuata ilipanda mteremko. Baba alipokwenda kuuliza, msimamizi wa ferma alimwambia kwamba kilima kizima ni malisho yao tangu zamani.

Baba alipeleka malalamiko kwenye tribunali ya kimila, mahakama yetu ya jadi. Wakamwambia kila upande ulete maneno yake kwa maandishi, ili yawekwe kwenye dosiye, yaani jalada la kesi, na siku ya kesi yatasomwa mbele ya watu. Ndipo jamaa ikakutana.

Baba mdogo, jina lake Bauma, mtu wa sauti kubwa na subira kidogo, ndiye aliyesema kwanza. "Tutafute muandishi juu ya nini? Tuko na mutoto anasoma! Yule msimamizi wa ferma hata mwaka wa tatu hakumaliza. Mutoto yetu atamufunika na Kifaransa."

Baba alikuna kidevu chake. "Miye nilifikiri nitasema na kinywa yangu. Mambo ya hii kilima niko nayajua."

"Kaka, utasema, kesho batasahau. Iandikwe!"

Baba akanigeukia. Alikuwa na namna ya kukutazama polepole, kama mtu anayepima kama mzigo umefungwa sawasawa. "Utaweza?"

Hapo ndipo ningesema hapana. Nilisema, "Papa, ile ni kazi kidogo."

Kesho yake asubuhi baba hakwenda shambani. Alivaa shati lake la kanisani, akavuta kigoda hadi mahali nilipoweka meza, akakaa, mikono juu ya magoti. Alijitayarisha, mwanangu. Ninapokumbuka lile shati nahisi vibaya. Akaanza: "Koko yako alipofika hapa, kulikuwa pori. Alikuja na ndugu yake na mbwa wawili. Wa kwanza kumuonyesha maji alikuwa..."

Nikamkatiza. "Papa, ile ni hadithi. Bakubwa banataka hoja."

"Hoja njo nini?" akauliza, kwa "njo" yetu ya kusema "ndiyo".

"Ni mawazo. Nitayapanga mwenyewe. Usichoke bure."

Akainuka na kigoda chake. "Sawa. Weye njo unajua." Akaenda kubadilisha shati.

Nikabaki na karatasi yangu, na nakwambia kweli, niliandika kwa raha. Nilianza na maneno makubwa kuhusu ardhi na binadamu tangu mwanzo wa dunia. Katika sehemu ya kwanza nilisema familia yetu inaishi pale na inalima. Nilisema tu hivyo, bila kutaja nani alifyeka, nani alishuhudia kalinzi ikitolewa, mpaka unapita wapi. Halafu nikafika sehemu ya pili, ile ya upande mwingine, na hapo kalamu yangu ilikimbia. Profesa alikuwa ametufundisha kwamba sehemu ya pili ikiwa dhaifu, insha nzima inaanguka. Basi nikaitia nguvu. Niliandika kwamba ni kweli pia ng'ombe wa ferma wamewahi kula majani ya mteremko ule. Kwamba familia yetu haina hati yoyote mkononi. Kwamba ferma inawapa vijana kazi na inawapa watu maziwa na jibini. Nilimtafutia yule bwana sababu ambazo yeye mwenyewe hakuwa amezifikiria. Na mwisho nikapatanisha pande zote mbili: ardhi ni ya wote wanaoitumia, hivyo hekima inadai igawanywe.

Niliposoma tena, nilijiona kama tayari niko chuo kikuu.

Rasimu ilikuwa imeingia mafuta ya taa pembeni, kwa hiyo nilikwenda kununua karatasi safi katika duka la Papa Kasereka, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, mwenye gari moja la kubebea viazi hadi Goma. Alikuwa amesoma. Alinyoosha mkono juu ya mifuko ya chumvi, akaichukua insha yangu bila kuniomba, akaisoma akiwa amesimama. Nilingoja sifa.

"Eh, kijana," akasema alipofika katikati, "huyu muntu wa ferma alikuajiri lini?"

"Hakuniajiri, Papa Kasereka! Ile ni sehemu ya pili. Bila ile sehemu unapata sifuri."

"Sifuri ya nani? Kule tribunali kuko profesa?" Akaendelea kusoma, midomo ikicheza. Hakuwa akicheka tena. "Papa yako alisikia haya maneno?"

"Hajui Kifaransa."

"Kiswahili anajua. Rudi nyumbani, umukalishe, umusomee yote mu Kiswahili, mustari kwa mustari. Akisema ndiyo, njo uandike mu karatasi safi. Akisema hapana, pasula."

"Nitafanya, Papa."

"Usiniambie nitafanya. Mimi si papa yako."

Akanipa karatasi. Nikatoka nimekasirika. Njiani nilijiambia kwamba ana wivu, kwamba muuza sabuni hawezi kujua mpango wa insha. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kilichoanza kutetemeka, na nilikihisi wazi. Mwanangu, kitu kile kikikutetemesha, kisikilize. Mimi nilitembea haraka zaidi ili nisikisikie.

Nilinakili insha yote bila kubadilisha neno. Nilipompelekea baba, alinawa mikono kwanza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri sana, Papa."

Akapaka wino kwenye kidole gumba, akakibonyeza pale nilipomwonyesha, kwa uangalifu, kama mtu anayepanda mbegu.

Siku ya kesi ukungu ulikuwa mzito hata watu wa nyuma hawakuonekana vizuri. Waamuzi walikaa kwenye benchi, msimamizi wa ferma upande mmoja, sisi upande mwingine. Grefye, yaani karani wa tribunali, alitangaza kwamba atasoma karatasi zote kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Sijui kwa nini sikuwa nimelifikiria hilo. Ilikuwa tribunali ya kijiji, watu wote pale walisema Kiswahili na Kihunde, nami niliandika kana kwamba wasomaji wangu wote walikuwa wamekaa katika ofisi ya mtihani.

Akasoma. Sehemu ya kwanza ilipita upesi mno, baba akitikisa kichwa kukubali. Kisha grefye akasema, "Kwa upande mwingine, ni kweli pia kwamba ng'ombe wa ferma wamewahi kula majani ya mteremko huu." Baba akaacha kutikisa kichwa. "Ni kweli pia kwamba familia hii haina hati." Baba mdogo Bauma akasema kwa sauti, "Nini?" Akaambiwa anyamaze. Upande wa ferma, msimamizi alikuwa anamnong'oneza jirani yake, na meno yake yalionekana. Grefye akaendelea mpaka mwisho, mpaka pale penye hekima ya kugawanya.

Mwamuzi mkubwa alivua kofia yake, akaiweka gotini. "Papa, haya maneno yote ni yako?"

Baba alikitazama kidole chake gumba.

"Ninauliza juu ya kitu kimoja," mwamuzi akaendelea. "Kama si yako, njo mutoto alikuandikia uongo na akakuwekesha kidole. Ile ni kosa. Atalala mu kasho leo. Sema tu kweli. Ni yako ao si yako?"

Baba alinitazama. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Ningeweza kusimama, mwanangu. Ningeweza kusema, "Ni yangu, baba hakuyasikia, mnifunge mimi, mumwache aseme mwenyewe." Niliogopa kasho, yaani mahabusu, niliogopa kuchekwa na watu, niliogopa kufukuzwa shule mwaka mmoja kabla ya diploma.

"Njo yangu," baba akasema.

Waamuzi walijitenga, wakarudi. Walisema wamefuata maombi ya mlalamikaji mwenyewe: ardhi igawanywe. Ferma ikapewa mteremko wa juu na kijito, kwa sababu tulikuwa tumekubali kwa maandishi kwamba ng'ombe walikula pale. Sisi tukabakiziwa ukanda wa chini karibu na barabara, ule wa mawe.

Tulirudi tukifuatana, baba mdogo mbele akinitukana bila kugeuka. "Profesa! Profesa ya ng'ombe! Utakula Kifaransa na chumvi!" Baba alimwambia anyamaze. Nilipopata nguvu ya kusema, "Papa, unisamehe," alinijibu tu, "Ulifanya vile balikufundisha." Na haikuwa kweli. Walinifundisha aina zote za insha. Mimi ndiye niliyechagua kujua moja.

Nakala niliyobaki nayo nilimwonyesha profesa. Aliisoma yote, mwavuli kwapani. "Kwa darasa ningekupa alama nzuri sana," akasema, akanirudishia bila kuniangalia usoni.

Sasa Furaha, mwanangu, nakueleza ninachotaka, maana kesho iko karibu na mimi nina hofu. Jifunze disertasyo, ndiyo, na ufaulu vizuri katika mtihani. Itakufaa siku utakapotakiwa kupima wazo ambalo hakuna mtu anayelilia. Lakini majirani wetu hawakukuomba upime. Wamekuomba useme kilichowapata. Hiyo ni insha ya kusimulia. Kaa na kila familia. Uliza nani alifyeka, nani alirithi, walitoka lini na kwa sababu gani, nani anaweza kusimama kushuhudia. Wakizunguka katika maneno yao, usiwakate. Mara nyingi jambo lenye uzito liko katika mzunguko ule. Pale penye mpaka, tumia insha ya kueleza mahali: mti gani, jiwe gani, maji yanapita upande upi, ili mkubwa ambaye hajawahi kufika aweze kwenda na kuviona. Na mwishoni, andika ombi kama barua, fupi, kitu kimoja kinachoeleweka. Watu wa upande mwingine nao wana vinywa vyao. Usiwatukane, usiwazushie, lakini usiwasemee.

Kisha fanya kile nilichokimbia. Wasomee wenyewe kwa lugha yao kabla hawajaweka kidole. Soma polepole. Angalia nyuso zao kuliko karatasi. Mmoja akisema, "Hapo si hivyo," pasua uanze tena, hata kama soko limekwisha anza na gari linapiga honi. Afadhali karatasi ichelewe kwa soko moja. Na kama unaona huwezi, waambie huwezi. Hakuna atakayekufa kwa sababu msichana wa mwaka wa sita aliomba muda.

Mungu akupe sikio kabla ya kalamu, Furaha, wewe na vijana wote mtakaosoma haya. Awape subira ya kuwasikiliza wenye mambo yao mpaka wamalize. Awaepushe na sifa zinazokuja haraka. Mikono yenu iandike maneno ambayo wenyewe wakiyasikia watasema ndiyo bila kulazimika kumlinda mtu.

Mimi uamuzi ule ulinigharimu hivi. Ukanda wa mawe haukutulisha, tukauacha, tukahamia huku Kalembe, na baba akalima shamba la watu wengine mpaka alipokufa. Hakunigombeza hata siku moja. Lakini tangu siku ile ya ukungu hakunisimulia tena jambo lolote la babu wala la kilima. Nilipomwuliza, alisema ni hadithi tu. Alikufa nayo. Leo Furaha akiniuliza tulifikaje Karuba, na nani alituonyesha maji, sina cha kumjibu.